Mhadhara Nyumbani, Mjadala Darasani

Lori zito likigongana na gari dogo, ni lipi linalolisukuma jingine kwa nguvu zaidi? Askari wa usalama barabarani atajibu bila kusita: lori. Kumbe nguvu ni sawasawa pande zote mbili; gari dogo hutupwa mbali kwa wepesi wake tu.

Maswali ya namna hiyo yalimshtua Profesa Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Alianza kufundisha fizikia huko mwaka 1984. Wanafunzi walimsifu, na mitihani wakaifaulu. Lakini walipoulizwa mambo mepesi kama hayo, wengi walibabaika. Walikuwa wamekariri kanuni pasipo kuzielewa, balaa ambalo kila mwalimu mkweli analifahamu.

Basi mwaka 1991 akaugeuza utaratibu. Kitabu husomwa kabla ya kipindi. Darasani mwalimu hutoa swali. Kila mmoja hujibu peke yake, kisha humgeukia jirani yake wakabishana kwa hoja, ndipo hujibu tena. Hapo kwanza walinyanyua mikono; baadaye vikaja vidude vya kubonyeza, na sasa simu, ambavyo humwonyesha mwalimu papo hapo ni wangapi waliopotea. Katika vyuo vingi siku hizi hata mhadhara hurekodiwa, mwanafunzi akautazama nyumbani na kuurudia apendavyo.

Hata hivyo, chombo hakifundishi. Aliyekuja bila kujiandaa hana la kumwambia jirani yake.

Mzazi amwonaye kijana wake wa chuo kikuu ameinamia simu usiku asiharakishe kumkemea. Amwulize kwanza habari za lile lori.