Usitie Saini Usichokielewa: Haki za Anayeshitakiwa kwa Ulevi Barabarani

Barabara ya kitaifa namba 3, itokayo Bujumbura ikipitia Rumonge hadi Nyanza-Lac kandokando ya ziwa, hupitiwa na watu wa lugha nyingi: Warundi, wafanyabiashara wa kutoka Kongo, wageni wa Kigoma. Mmoja wao akisimamishwa kwenye usukani au juu ya pikipiki akiwa amelewa, shauri lake huanza kwa karatasi. Wengi tunaowapokea huogopa pingu kuliko kalamu, ilhali maneno yaliyoandikwa kwa kalamu ile ndiyo yatakayosomwa mbele ya hakimu miezi kadhaa baadaye.

Karatasi hiyo ni hati ya mahojiano, ambayo wenyeji huiita peve. Huandikwa na ofisa wa polisi wa upelelezi, aghalabu kwa Kifaransa au Kirundi. Basi mtu wa Kiswahili afanyeje? Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa wa 1966, ambao Burundi ilijiunga nao mwaka 1990, unampa kila mshitakiwa haki ya kuelezwa shitaka kwa lugha anayoifahamu, na ya kupewa mkalimani bila malipo mahakamani. Nasi twasema: dai lugha yako tangu kituoni. Omba usomewe hati yote, neno kwa neno. Ikiwa imeandikwa kwamba ulikunywa chupa sita nawe ulisema mbili, omba isahihishwe kabla hujaweka saini au kidole. Ukikataa kutia saini, kukataa kwako kuandikwe pamoja na sababu yake. Huko si kumtukana askari.

Sheria ya mwenendo wa mashtaka ya jinai ya tarehe 11 Mei 2018 inamruhusu mtuhumiwa kunyamaza hadi wakili wake awepo. Twajua mawakili wengi wanakaa Bujumbura, na kumleta mmoja Rumonge kuna gharama. Hata hivyo haki hiyo haifi kwa umbali. Ungamo lililopatikana kwa mateso au kwa kulazimishwa ni batili.

Kuhusu mahabusu ya polisi, muda wake ni siku 7. Mwendesha mashtaka peke yake ndiye awezaye kuuongeza, wala hauwezi kupita siku 14 kwa jumla. Jamaa za aliyekamatwa na waandike siku na saa aliyoingia, kwa kuwa hesabu huanzia hapo. Siku zikipita, waende kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka, yaani parike, wakaeleze.

Yuko pia mwenye kudhani kwamba noti iliyokunjwa ndani ya leseni itammalizia shauri. Noti hiyo si faini. Faini ina risiti. Kisicho na risiti ni rushwa, na sheria ya tarehe 18 Aprili 2006 inamwadhibu mtoaji pamoja na mpokeaji. Aliyeingia kituoni kwa kosa la ulevi aweza kutoka na makosa mawili.

Haya yote hayamwondolei mlevi kosa lake. Akiwa amemgonga mwenye baiskeli au mama mwenye beseni la dagaa, aliyeumia naye ana haki zake: kusikilizwa, kupewa cheti cha daktari kama ushahidi, na kudai fidia katika kesi hiyohiyo. Naye pia hati yake isomwe kwa lugha anayoielewa kabla hajatia saini.