Sabufa ya Mjomba na Sebule ya Futi Kumi

Mjomba wangu wa Kilosa alinunua sabufa yenye spika tatu, boksi limeandikwa wati 12,000. Akaiweka kwenye kona ya sebule, akafungulia nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na bendi yake ya Morogoro Jazz. Gitaa likapotelea kusikojulikana. Kilichobaki ni besi inayovuma kama lori lililolemewa na mlima.

"Mjomba, hii wamekuuzia mbovu?" nikamuuliza.

"Fundi kaifungua, kasema nzima."

Fundi hakukosea. Kasoro iko kwenye sebule yenyewe. Ni futi kumi kwa kumi, kipimo ambacho wajenzi wetu hukitaja hata usingizini, na dari ya jipsam nayo imekaa futi kumi kutoka sakafuni. Sauti husafiri mita 340 na ushei kwa sekunde, ikigonga ukuta inarudi. Kati ya kuta zilizoachana futi kumi, mtetemo wa kama mara 57 kwa sekunde hurudi ukakutana na mwenzake unaokwenda, wakaongezana nguvu. Chumba kingekuwa futi kumi kwa kumi na nne, upande mrefu ungekuza mtetemo mwingine, wa kama 40, na mvumo ungegawanyika. Kwa mjomba, pande zote tatu zinashangilia noti moja. Kona inachochea zaidi, maana kuta mbili na sakafu zinasukuma besi mbele kwa pamoja.

Anayesikiliza amapiano pengine angefurahia fujo hiyo kwa dakika tano. Mbaraka haivumilii. Utamu wake uko kwenye magitaa na sauti ya kuimba, na hata uzi mnene kuliko zote wa gitaa la solo hutetemeka mara 82 kwa sekunde. Kwa muziki wa Morogoro Jazz, spika mbili za wastani zingemtosha kabisa mjomba.

Na zile wati 12,000? Nikageuza sabufa, nikasoma kibandiko cha nyuma: inakula wati 60 za umeme. Haiwezi kutoa nguvu ambayo haikula. Hata wati za kweli zikiongezwa mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu, badiliko ambalo sikio hulitambua bila kustaajabu.

Kisha nikapiga kofi moja katikati ya sebule. Ukasikika mlio mwembamba unaoning'inia hewani: vigae chini, sementi ukutani, vioo dirishani, hakuna kitambaa cha kuumeza. Mwaka 1895, huko Chuo Kikuu cha Harvard, mwanafizikia Wallace Sabine alipewa ukumbi ambao hotuba hazikueleweka kwa mwangwi. Akawa anaingiza mito ya viti usiku, akipima sauti inachukua muda gani kufa, mpaka akapata kanuni ambayo wasanifu wa kumbi wanaitumia hadi leo. Kipimo chake cha umezaji kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa kuwa sauti inayotoka nje hairudi. Kwa joto la Kilosa, dawa hiyo ni ya bure, ila majirani nao wanapata muziki bure.

Mikumi ni habari nyingine. Binamu yangu amepanga chumba karibu na barabara kuu iendayo Iringa, malori hayalali. Nyumba haina dari, bati liko wazi juu, na kuta za ndani zimeishia kwenye lenta, hivyo akikohoa yeye anaitikiwa na chumba cha tatu. Mngurumo wa malori ni wa chini, unameza besi kwanza. Sabufa kubwa hapo ingetikisa bati na kuleta ugomvi. Yeye ana spika mbili ndogo juu ya stuli, umbali wa mkono kutoka kitandani, na sauti inamfikia kabla chumba hakijaivuruga. Mvua ikinyesha anazima; na bati hakuna anayeshindana.

Nilirudi Kilosa na futi kamba. Tukaiweka sabufa pale mjomba anapokaa, yeye akachuchumaa akizunguka sebule kutafuta mahali besi inaposikika imetulia. Akapata: pembeni mwa kabati, mbali na kona. Kwa mlio wa kofi tukaleta pazia zito, mkeka, na godoro la wageni tukalisimamisha ukutani. Gitaa likarudi. Ila mkewe anasema godoro lake analitaka kabla ya Idi.