Hesabu Iliyokataa: Spini ya Protoni (Sehemu ya Pili)

Mtafiti wa madini akipita kwenye vilima vya Mpanda na mti mrefu mkononi, juu yake kukiwa na chupa iliyozungushiwa waya, anaweza kudhaniwa mpima viwanja. Ndani ya chupa hiyo mara nyingi hamna kitu cha ajabu: ni mafuta ya taa, au kimiminika kingine chenye hidrojeni nyingi. Kifaa kinapitisha umeme kwenye waya kwa muda mfupi, kinaukata ghafla, kisha kinasikiliza. Kinachosikilizwa ni protoni.

Wasomaji waliofuatilia sehemu ya kwanza wanakumbuka kwamba protoni, yaani kiini cha atomu ya hidrojeni, ina sifa iitwayo spini: aina ya mzunguko usiochoka, usiopungua wala kuongezeka, unaoifanya protoni iwe sumaku ndogo mno. Umeme wa kwenye waya huzielekeza protoni za mafuta ya taa upande mmoja. Umeme ukikatwa, zote huanza kuyumba kwa pamoja kuuzunguka uga sumaku wa dunia, na kuyumba huko kunazaa umeme hafifu kwenye waya ule ule. Magharibi mwa Tanzania uga huo ni kati ya nanotesla 30,000 na 35,000, kwa hiyo protoni huyumba takriban mara 1,400 kwa sekunde. Mtu akiunganisha spika, atasikia mlio mwembamba. Mlio ukipanda au kushuka kidogo mahali fulani, huenda chini yake kuna mwamba wenye madini mengi ya chuma kuliko majirani zake, au ufa uliofunikwa na udongo. Njia hii ilielezwa na Packard na Varian nchini Marekani mwaka 1954, na bado inatumika.

Mpanda si mgeni wa mambo hayo. Reli ya kutoka Kaliua, kilomita 210 hivi, ilifika mjini mwaka 1950 kwa sababu ya risasi, ile metali nzito, iliyokuwa ikichimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals pamoja na dhahabu, fedha na shaba. Mgodi ulifungwa, reli ikabaki, na leo wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Katavi bado wanashuka kwenye maduara wakifuata mikanda ya mwamba ule ule wa kale.

Kinachofanya chupa ya mafuta ya taa iaminike ni kwamba spini ya protoni ni ile ile popote. Ni nusu, kwa kipimo ambacho wanafizikia wamekubaliana, wala si nusu kasoro. Mwanafizikia Dennison aliibaini mwaka 1927 kutokana na tabia ya gesi ya hidrojeni inapopashwa joto. Mashine ya MRI ya Muhimbili inapopiga picha ya ubongo, inasikiliza protoni za maji ya mwilini kwa kanuni hiyo hiyo, ila kwa sumaku yenye nguvu maelfu ya mara kuliko uga wa dunia.

Sasa swali: nusu hiyo inatoka wapi? Protoni si punje moja. Tangu mwaka 1964, Gell-Mann na Zweig walipolipendekeza wazo hilo, inafahamika kwamba ndani yake mna kwaki tatu, na kila kwaki ina spini yake ya nusu. Hesabu ya haraka haraka ni rahisi: mbili zielekee juu, moja ielekee chini, jumla ni nusu, kazi imekwisha. Hata wataalamu waliokuwa waangalifu zaidi, kama John Ellis na Robert Jaffe katika kazi yao ya mwaka 1974, walikadiria kwamba spini za kwaki zingebeba kama asilimia 60 ya spini yote ya protoni.

Ilibidi ipimwe. Kuipima kunahitaji vitu viwili ambavyo vyote vinasumbua: chembe za kurusha ambazo spini zao zimeelekezwa, na protoni za kulengwa ambazo nazo zimeelekezwa. Vernon Hughes wa Chuo Kikuu cha Yale alianza kwa elektroni huko SLAC, California, katika miaka ya 1970. Kundi la EMC katika maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, likatumia muoni, ndugu mzito wa elektroni. Muoni zina fadhila moja: zinazaliwa pale chembe ziitwazo pioni zinapooza, na katika kuzaliwa kwenyewe zinatoka spini zikiwa tayari zimeelekea upande mmoja.

Shabaha ilikuwa amonia. Ni amonia ile ile ambayo harufu yake inamtoa mtu machozi chooni, isipokuwa hapa imegandishwa kuwa vipande vidogo, ikawekwa ndani ya sumaku kubwa na kupozwa hadi karibu kabisa na nyuzi 273 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo mawimbi ya redio ya masafa ya juu hutumika kuzisukuma spini za protoni zielekee upande unaotakiwa. Shabaha hugawanywa vyumba, kimoja nyuma ya kingine, protoni za huku zikielekea mbele na za kule nyuma, ili muoni zile zile zipite kote na asitokee wa kulalamika kwamba mashine ilipendelea upande.

Muoni inapoikaribia protoni hurusha fotoni, na fotoni humezwa na kwaki ambayo spini yake imekaa kinyume na ya fotoni. Basi kazi yote ni kuhesabu: ni muoni ngapi zimepinda zilipokutana na protoni zilizoelekea huku, na ngapi kwa zile za kule. Tofauti ndiyo inayosema spini za kwaki zimeelekea wapi.

Ugumu uko kwenye tofauti yenyewe. Molekuli ya amonia ina chembe 17 za viini, na ni 3 tu, protoni za hidrojeni, ambazo zimeelekezwa ipasavyo. Kumi na nne za naitrojeni ni abiria tu. Ongeza kwamba muoni zilizoelekezwa ni kama asilimia 80 na protoni vivyo hivyo, utaona kuwa tofauti halisi ya asilimia 10 ndani ya protoni inatokea kwenye hesabu kama asilimia 1 hivi. Wanaosema sayansi ya chembe ni ya mashine kubwa wanasahau kwamba sehemu yake kubwa ni uvumilivu wa karani.

EMC walitangaza matokeo mwaka 1987, wakayachapisha mwaka uliofuata. Spini za kwaki zote kwa pamoja zilitoa asilimia 12 ya spini ya protoni, na shaka ya kipimo ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata sifuri iliwezekana.

Chukua chama cha ushirika (AMCOS) cha wakulima wa tumbaku. Mzani wa mwisho unasema kilo 500, na hakuna anayebishana na mzani. Daftari lina majina matatu, na karani akijumlisha marobota yao anapata kilo 60. Nani ameleta zilizobaki?

Jambo hilo likabatizwa mgogoro wa spini, na mamia ya makala za kitaalamu zikaandikwa. Kusema kweli, jina hilo lilitiwa chumvi. Protoni haikuwa na mgogoro wowote, na vifaa vya kutafuta madini viliendelea kulia vilevile. Kilichoyumba ni ile picha ya protoni kama gunia lenye kwaki tatu zilizotulia. Vipimo vilivyofuata, vya SMC na COMPASS hapo CERN, vya SLAC, na vya HERMES huko Hamburg, vilipandisha mchango wa kwaki hadi kama asilimia 30. Afadhali, lakini bado theluthi mbili hazina mwenyewe.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa gluoni, chembe zinazozifunga kwaki pamoja. Muoni haigusi gluoni moja kwa moja, kwa hiyo maabara ya Brookhaven, kisiwani Long Island, New York, ikaamua kugonganisha protoni kwa protoni. Mashine yao, RHIC, ilikuwa duara la kilomita 3.8, na protoni zililizunguka karibu mara 78,000 kila sekunde. Kila mzunguko sumaku za njiani huiyumbisha spini kidogo, na kasoro hizo zikilimbikizana mwelekeo wote unapotea. Dawa yake ni sumaku zilizosokotwa ziitwazo nyoka wa Siberia, kwa heshima ya wataalamu wa Novosibirsk waliozibuni, Derbenev na Kondratenko. Nyoka huipindua spini, kosa la mzunguko huu likafutwa na la mzunguko ujao.

Kigunduzi kiitwacho STAR kililizunguka eneo la mgongano. Kuta zake za kupimia nishati ni tabaka za risasi na plastiki inayomulika: risasi huivunja chembe kuwa mvua ya chembe ndogo, plastiki huzihesabu kwa mwanga. Hakuna anayedai kwamba risasi hiyo ilitoka Mpanda, ila metali ni ile ile iliyoileta reli.

Mwaka 2014 de Florian, Sassot, Stratmann na Vogelsang walichambua data za RHIC pamoja na za zamani, wakaona kwamba gluoni nazo zimeelekea upande wa protoni. Katika eneo lililopimwa vizuri, mchango wao ulikuwa kama 0.2 kati ya ile 0.5. Gluoni zenye sehemu ndogo sana ya mwendo wa protoni hazikuonekana, na hizo ndizo nyingi. Kinachobaki kinahesabiwa kuwa ni mwendo wa kwaki na gluoni zenyewe zikizungukana ndani ya protoni, ambao hauonekani kwa kuhesabu spini peke yake.

Ndiyo maana Januari 2020 serikali ya Marekani iliichagua Brookhaven kuwa mahali pa kujenga mashine mpya, itakayogonganisha elektroni na protoni, zote zikiwa zimeelekezwa spini. Namna itakavyozifikia gluoni hizo zilizojificha ndiyo mada ya sehemu ya tatu.