Kumbukumbu za Jinai Ngara na Biharamulo: Zilipo na Namna ya Kuziomba (Sehemu ya Nne)

Kumbukumbu ya jinai huanza kuandikwa kituo cha polisi na, shauri likifika mwisho, hutulia katika masjala ya mahakama. Ngazi za mahakama, kutoka ya Mwanzo hadi ya Rufani, zilikwisha elezwa katika sehemu zilizotangulia. Sehemu hii inahusu karatasi zenyewe. Suala hili limepata uzito mpya tangu mwishoni mwa mwaka 2023, Mahakama ya Tanzania ilipoanza kutumia mfumo mpya wa kielektroniki wa kuratibu mashauri. Shauri linalofunguliwa leo huingia kwenye kompyuta tangu siku ya kwanza. Shauri la mwaka 1988 limo kwenye jalada la karatasi lililofungwa kwa uzi, na usalama wake unategemea paa lisilovuja na karani mwenye moyo.

Karatasi za wilaya hizi mbili zimetawanyika, na asiyejua historia ya karatasi hizo atabisha hodi mlango usio wake. Wajerumani waliojenga boma la Biharamulo mwanzoni mwa karne ya 20 walihukumu Waafrika kwa Amri ya Kansela wao ya tarehe 22 Aprili 1896. Adhabu zilizoruhusiwa zilikuwa viboko, faini, kifungo chenye kazi ngumu, kifungo cha minyororo, na kifo. Viboko 25 kwa mkupuo mmoja ndivyo vilivyoacha jina la hamsa ishirini midomoni mwa wazee. Adhabu hizo ziliandikwa vitabuni, lakini ziliandikwa kwa ajili ya hesabu za serikali. Aliyechapwa hakupewa karatasi, na neno lake halikuhesabiwa. Huo ndio msingi mbaya ambao uandishi wa kumbukumbu za jinai ulianzia, na kila ofisi inayomnyima raia nakala ya shauri lake bado inasimama juu yake.

Mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliingia Biharamulo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Bugufi, sehemu ya Ngara ya leo iliyokuwa na uhusiano wa karibu na utawala wa Burundi, ilibaki upande wa Tanganyika, nayo ikasimamiwa na Waingereza kutoka Biharamulo. Kisha likaja jambo linalowapoteza watafutaji wengi. Chini ya Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929, baraza la mtemi lilikuwa tawi la utawala. Aliyetaka kukata rufaa alikwenda kwa Bwana Shauri wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana. Mahakama Kuu haikuwamo katika mnyororo huo. Kwa hiyo anayemtafuta babu aliyefungwa na baraza la mtemi wa Bugufi au Busubi miaka ya 1930 hatampata katika majalada ya mahakama. Atafute katika majalada ya utawala ya Biharamulo, kikiwemo kitabu cha wilaya ambamo maofisa waliandika habari za watemi, kodi na mila. Mahakama za Mitaa zilichukua nafasi ya mabaraza hayo kwa sheria ya mwaka 1951, na ni Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliyoyaleta mashauri yote chini ya paa moja la Mahakama.

Ubora wa rejesta ya mahakama huonekana katika safu zake chache: namba ya shauri, tarehe, mlalamikaji, mshtakiwa, kosa, uamuzi, faini na namba ya stakabadhi. Mstari mmoja wa namna hiyo waweza kumtetea mtu miaka 40 baadaye. Huonyesha kwamba aliachiwa huru, kwamba faini ilikwisha lipwa, au kwamba aliyefungwa ni mtu mwingine mwenye jina kama lake. Tajiri ana wakili wa kumtunzia nyaraka. Mkulima wa Murusagamba au Nyakahura hutegemea rejesta ya serikali, na rejesta hiyo ikioza, ushahidi wake umeoza. Vitabu vya zamani vya mahakama za mwanzo visirundikwe stoo pamoja na viti vilivyovunjika. Vikaguliwe, viorodheshwe na kukabidhiwa Nyaraka za Taifa.

Mipaka nayo imehama. Hadi mwaka 1979 mkoa wa wilaya hizi uliitwa Ziwa Magharibi, na jina hilo ndilo lililo juu ya majalada ya wakati huo. Chato ilikuwa ndani ya Biharamulo mpaka ilipofanywa wilaya mwaka 2005, kisha mwaka 2012 ikaingia Mkoa wa Geita. Mashauri yake ya awali yatafutwe kwanza Biharamulo. Ngara ina ugumu wake. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi na kuingia Benaco. Tangu wakati huo majina ya Kinyarwanda na Kirundi yameandikwa kwa kadiri sikio la mwandishi lilivyosikia. Kambi ya wakimbizi ya Lukole yenyewe huandikwa pia Rukole. Anayepekua rejesta asome L na R zote mbili kabla ya kusema jina halimo.

Mfano wa kumbukumbu zilizotunzwa hauko mbali. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya (bourgmestre) wa komuni ya Rusumo upande wa Rwanda, alikamatwa Kigoma mwaka 2001, akahukumiwa na mahakama ya kimataifa Arusha miaka 30 mwaka 2004 kwa mauaji ya kimbari, na rufaa ya mwaka 2006 ikampa kifungo cha maisha. Hukumu zake zinasomwa na yeyote. Shauri la mwizi wa mbuzi linastahili utunzaji uleule.

Kwa polisi, anayeripoti hupewa namba ya RB kutoka kitabu cha taarifa. Uchunguzi ukifunguliwa, jalada hupata namba ya IR kutoka daftari la upelelezi, na aliyekamatwa huandikwa kwenye kitabu cha mahabusu. Jalada la upelelezi halisomwi na kila mtu, lakini aliyepekuliwa ana haki ya stakabadhi ya vitu vilivyochukuliwa, na aitunze. Anayehitaji cheti cha kuonyesha kwamba hana kumbukumbu ya jinai huchukuliwa alama za vidole, ambazo hulinganishwa na zilizoko makao makuu ya Polisi. Waajiri wakumbuke Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba: aliyeshtakiwa asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ana hatia.

Mahakamani, barua hupelekwa kwa hakimu mfawidhi wa mahakama iliyosikiliza shauri. Yatosha iandikwe hivi: “Naomba nakala iliyothibitishwa ya mwenendo na hukumu katika Kesi ya Jinai Na. 12 ya 2011, ambamo mimi nilikuwa mshtakiwa, kwa ajili ya rufaa.” Asiye na namba ataje majina, kosa na mwezi wa hukumu, karani apekue rejesta. Malipo yoyote hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, kamwe si mkononi. Mshtakiwa anayeomba nakala ya hukumu yake apewe bila kuchelewa na bila malipo. Ndivyo sheria isemavyo.

Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo ina siku 30. Kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu Bukoba, kusudio hutolewa ndani ya siku 10 na rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kungoja nakala. Tarehe ya kuomba na ya kupokea nakala ziandikwe. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani husomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII.

Jalada likipotea, hujengwa upya kwa nakala zilizoko kwa waendesha mashtaka, polisi, magereza na mshtakiwa mwenyewe. Kumbukumbu zilizokabidhiwa Nyaraka za Taifa hufunguliwa kwa wasomaji zikitimiza miaka 30. Kwa ofisi nyingine za umma, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kujibiwa ndani ya siku 30, isipokuwa taarifa inayoweza kuharibu upelelezi. Aliyenyimwa huomba mkuu wa taasisi apitie uamuzi huo, na asiporidhika hupeleka lalamiko lake kwa Waziri.