Flashi humfaa mpiga picha za buibui
Kando ya Ziwa Victoria, eneo la Mbita, huishi buibui mrukaji wa milimita tano hivi, ambaye chakula akipendacho ni mbu aliyeshiba damu. Anayempiga picha hulazimika kumkaribia mno, na hapo sehemu inayoonekana wazi haifiki hata milimita moja: macho yakiwa safi, miguu hufifia. Hivyo tundu la lenzi hubanwa hadi f/11 au f/16. Lakini likibanwa mwangaza hupungua, naye buibui hatulii. Kigoda cha kamera hakisaidii kitu.

Flashi iliyopunguzwa nguvu humulika kwa muda usiotimia sehemu moja ya elfu ya sekunde, mwendo ukaganda. Ikiachwa tupu, hata hivyo, huacha madoa meupe machoni pake. Karatasi nyeupe mbele ya taa huyaondoa kwa kiasi kikubwa.