Hema ao bashi? Usiku mmoja katika pori ya Tenke

Pa Tenke, mtu anayefuata kazi ku pori anajua bashi mbele ya kujua kitanda. Miti mine, kamba, bashi juu, mkeka chini, basi: nyumba iko. Mchimbaji wa mkono analala humo, mwenye kuchoma makala analala humo, na wakati wa uyoga hata mama na watoto wanalala humo. Lakini siku hizi ku soko za Lubumbashi na Kolwezi kunapita hema kubwa, zenye madirisha na tireti, na watu wanatuuliza: ile kitu inafaa, ao ni kutupa feza tu?

Tulinunua moja kwa dola 95. Ku mufuko waliandika kwamba ni ya watu sita. Tuliijaribu usiku mmoja wa mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimekwisha kuanza, tena tulikuwa watu sita kweli: sisi wawili wa gazeti, na familia moja ya Tenke, yaani baba mchimbaji, mama, mama mkwe wake na mtoto wa miaka nane.

Kwanza ni ruhusa. Sehemu kubwa ya pori kati ya Tenke na Fungurume iko ndani ya konsesyo, na ingine ni udongo wa vijiji. Tulienda kusalimia chefu wa kijiji, akatuonyesha mahali nje ya mipaka ya kampuni. Msomaji asidanganyike: hema ya rangi inaonekana mbali kuliko bashi iliyochakaa, na mlinzi wa usiku hataamini kama umekuja kupumzika.

Halafu ni kuchagua mahali. Dembo, lile bonde la majani bila miti, ni laini kwa mgongo, lakini mvua ikinyesha inageuka ziwa. Chini ya muti mkubwa wenye tawi kavu, hapana: upepo wa mvua unaangusha tawi bila kuita jina la mtu. Karibu na kichuguu kuko kukavu, lakini mchwa utakula kitambaa cha chini, na kichuguu cha zamani nyoka anakipenda. Vile vilima vyenye majani tu na maua ya shaba vinaita macho, ila juu yao wewe ndiwe kitu kirefu, na radi inatafuta kitu kirefu. Vile vilima havina miti sababu shaba ni mingi katika udongo, mizizi ya miti haiwezi. Na mayi ya kijito kinachotoka kule tusinywe. Sisi tulisimama kati ya miti midogo ya miputu, mahali penye kuteremka kidogo, ili mayi ipate njia yake.

Kusimamisha kulichukua dakika 40. Bashi, baba alisema, ni dakika 10. Vijiti vya hema vilikubali, lakini misumari yake ya chuma chembamba ilijikunja kwa udongo mwekundu wa huku, mgumu sawa tofali. Baba aliiangalia, akacheka: "Hii njo misumari ya mchanga. Huku tunachimba na barre." Akaenda kukata vipande kumi na viwili vya muti mgumu, akavichonga na panga, akavipiga na jiwe. Kamba zikakaa. Mwenye kununua hema ajue: misumari ya kweli atajitengenezea mwenyewe.

Ndani kulikuwa kuzuri kweli. Meta 3 kwa meta 3, na katikati mtu mrefu anasimama bila kuinama. Mama mkwe, aliye na magoti ya kuuma, alivaa kitenge chake akiwa amesimama, akasema: "Ku bashi ninavaa nikipiga magoti sawa mtu wa kusali." Lakini hesabu ya mufuko ni hesabu ya muuzaji. Meta 3 kwa watu sita ni sentimeta 50 kwa kila mtu, na mifuko ya nguo haina mahali. Tulipangwa kama makala ku lori. Njia yetu ya kupima ni hii: chukua upana wa hema, hesabu sentimeta 70 kwa mtu mkubwa mmoja. Meta 3 inabeba watu wanne, na vitu vyao. Kama wameandika sita, soma nne.

Usiku kati mvua ilikuja, na upepo mbele yake. Hema ilitikisika lakini haikuanguka. Ku kibandiko cha ndani waliandika 2000 mm: maana yake kitambaa kinaweza kubeba mayi yenye kimo cha meta 2 mbele haijaanza kupita. Juu hatukuona tone. Mayi iliingia kwa mshono wa pembeni, kidogo kidogo, ikalowanisha mkeka wa mtoto. Kwa mshono, wengine wanapaka nta ya mshumaa; dawa ya kweli ni kufunga bashi juu ya hema, na kuchimba mufereji mdogo kuizunguka. Kuchimba, wasomaji wetu hawahitaji mwalimu.

Ni wakati ule neno kubwa lilitoka. Mvua ilileta baridi, mtoto akaanza kutetemeka. Mama alitazama nje, pale chini ya kipande cha bashi tulipopikia bukari, akasema: "Mbabula iko na moto mwekundu tu, moshi imeisha. Tuingize kidogo juu ya mtoto." Ku bashi, alisema, wanafanya vile kila mwezi wa sita na wa saba, wakati baridi inauma.

Tulikataa, na hapa tunaomba kila baba na mama asome mara mbili. Makala ikiisha kutoa moshi haijaisha kutoa sumu. Inatoa hewa moja, kaboni monoksidi, isiyo na harufu, isiyo na rangi, isiyokohoza mtu. Inaingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Kichwa kinauma, mwili unalegea, usingizi unakuja, na mtu aliyelala hajui kama anakufa. Bashi ya wazi inapitisha upepo pande zote, inasamehe mara ingine. Hema iliyofungwa tireti haisamehe, na bashi iliyoshushwa mpaka chini ni sawasawa na hema. Mtu akikutwa amelegea ndani, mtoe nje ku hewa kwanza, halafu mbio kwa daktari.

"Sasa mtoto alale na baridi?" mama aliuliza, na ni ulizo la haki. Tulichemsha mayi ku mbabula kulekule nje, tukaijaza katika bido ndogo, tukaifunga vizuri, tukaizungusha kitenge, tukaiweka ku miguu ya mtoto. Chini ya mkeka tukaongeza majani makavu tuliyoweka ndani mbele ya mvua, sababu baridi kubwa inatoka ku udongo, haitoki juu. Mtoto alilala mpaka asubuhi.

Mbu hawakutusumbua: madirisha yana wavu, na mbu wa malaria anauma zaidi usiku. Lakini wavu wa hema hauna dawa. Mbu mmoja akiingia wakati mtu anatoka kujisaidia, atakula wote sita. Mustikeri yenye dawa inabaki ya lazima kwa watoto. Asubuhi kuta za ndani zilikuwa na matone mingi. Haikuwa mvua, ilikuwa pumzi yetu: watu sita wanapumua mayi usiku mzima. Fungua dirisha mbili zinazotazamana, hata kama ni kidogo. Na jua likitoka, anika hema, halafu ishushe. Jua la kila siku linakula kitambaa mbele ya mvua.

Tunasema nini basi? Kwa kikundi cha wachimbaji wanaohama kila wiki, hema hii haifai. Bashi ya nguvu na mustikeri mbili havifiki nusu ya bei, na ikipasuka unashona. Kwa familia inayokaa mahali pamoja wakati wote wa uyoga, yenye mtoto ao mzee, inafaa, kama kuko bashi juu yake na watu wasipite wanne. Tulipokunja, baba alikuwa anahesabu tayari nani wa ekipe angechanga naye. Mama alimkata: "Nunueni hema, nunueni bashi, ni sawa. Lakini mbabula itabaki nje."