Maji Saba na Watoto Wetu

Katika vyuo vyetu vingi, mtoto akishapita juzuu chache za Kurani hufunguliwa mlango wa tohara, na miongoni mwa mambo ya mwanzo anayohifadhi ni maji yafaayo kujitwahirishia. Sheikh Abu Shujaa, katika kitabu chake mashuhuri cha fikihi ya Imamu Shafii, ameyataja kuwa ni saba: ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya mvua ya mawe. Watoto huyasoma kwa sauti nzuri yenye kupendeza. Lakini mwulize mmoja wao tofauti ya mto na bahari, utamwona anamtazama mwenziwe.

Hayo ndiyo yaliyotukuta Msangeni, katika milima ya Ugweno, Wilaya ya Mwanga. Mtoto wa kike wa miaka sita alituhesabia maji yote saba asikosee hata moja. Tulipomwuliza bahari ni nini, alinyosha kidole upande wa magharibi, kwenye tambarare iliyo chini ya milima, akasema, "Ile pale." Alikuwa akituonyesha bwawa la Nyumba ya Mungu. Hatukumcheka. Maji mengi kuliko yale hajapata kuyaona, wala hakuna mtu mzima aliyemwambia vingine. Sisi wazazi na walimu tulimpa jina, tukamnyima kitu chenyewe.

Na hali hiyo yasikitisha zaidi kwa kuwa mtoto wa Upare ana maji ya kila namna karibu naye, pengine kuliko mtoto wa mjini ambaye kwake maji ni bomba tu. Hana haja ya picha. Yatosha mzee kumshika mkono.

Aanze na chemchemi. Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Sura Az-Zumar, aya ya 21, kwamba Yeye huteremsha maji kutoka mbinguni, kisha akayapitisha ardhini yakawa chemchemi. Maana hiyo mtoto aweza kuiona kwa macho yake. Chukua kikapu, ujaze udongo wa msituni na majani yaliyooza, kisha umwagie kata moja ya maji. Hayatoki mara moja. Huzama kwanza, halafu hudondoka chini taratibu, hata baada ya wewe kuacha kumwaga. Sasa mwagia kata nyingine juu ya udongo mtupu uliokanyagwa: maji yote hukimbia na kuchukua vumbi pamoja nayo. Mtoto wa miaka mitano atafahamu papo hapo kwa nini babu yake hataki miti iliyo juu ya chemchemi ikatwe. Kisima nacho ni maji hayo hayo ya ardhini, ila hapo binadamu ndiye aliyeyafuata kwa jembe.

Kisha wafike kwenye ndiva. Wasomaji wetu wa pwani huenda hawalijui neno hili. Ndiva ni bwawa dogo la udongo ambalo Wapare wamelijenga milimani tangu zama za mababu zao. Tundu lake huzibwa jioni, maji ya mfereji hujaa usiku kucha, na asubuhi huzibuliwa ili yateremke mashambani kwa zamu. Ni kazi ya akili na ya umoja, na yastahili kusifiwa mbele ya watoto. Lakini ni mahali pa hatari pia, na hapa twataka kusema wazi.

Mabibi wengi huwatisha wajukuu zao kwamba ndani ya maji yaliyotulia mna jini. Nia yao ni njema, bali njia hiyo hatuikubali. Mtoto akifika ukingoni siku ya kwanza asimwone jini, na siku ya pili asimwone, hofu humtoka, na kina cha maji hubaki kile kile. Ni bora aambiwe ukweli: ukingo ni wa utelezi, chini mna tope la kunasa miguu, na mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Achukue mti mrefu mbele ya baba yake, autumbukize majini, auone unavyopotea. Asifike pale peke yake, basi.

Liko na jambo la pili. Mtume wetu (S.A.W.) amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyosimama yasiyopita, kisha akaoga humo, Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Twayasoma hayo kama adabu, nayo ni adabu kweli, lakini wazazi na watambue kuna nini tena ndani yake. Mwaka 1851 huko Misri, tabibu Mjerumani Theodor Bilharz alimgundua mdudu wa kichocho. Leo twajua kwamba mgonjwa akikojoa majini, mayai ya mdudu huyo huanguliwa, yakaingia katika konokono wa maji, na baadaye hutoka humo vijidudu visivyoonekana, vikapenya ngozi ya mtoto mwingine anayecheza. Mama akimwona mwanawe akikojoa damu asingoje. Ampeleke hospitali, kwani dawa ipo.

Hapo mwalimu aweza kuingiza habari ya kulateni. Wanavyuoni wamehitilafiana kidogo katika hesabu yake, lakini pipa moja la lita 200 lakaribia kipimo hicho. Maji yasiyopita yaliyo chini ya kulateni hunajisika kwa kuingiwa na najisi. Yakifika kipimo hayanajisiki mpaka yageuke rangi, ladha au harufu. Mtoto aliyesimama kati ya ndoo na ndiva halisahau somo hilo.

Tulirudi kwa binti yetu na "bahari" yake. Tulimweleza kuwa lile ni bwawa, limejengwa na watu katika miaka ya 1960, na mtambo wake wa umeme ulianza kazi mwaka 1968. Akauliza kama ni msikiti, kwa kuwa huitwa Nyumba ya Mungu! Tukamwambia ni jina tu. Upande wa mashariki, chini ya milima hiyo hiyo, liko Ziwa Jipe, nusu Tanzania na nusu Kenya. Hilo halikuchimbwa na mtu. Mto Lumi huliingia ukitoka Kilimanjaro, na Mto Ruvu hutoka humo (si ule Ruvu wa Pwani). Ruvu na Kikuletwa hukutana bwawani, na yatokayo bwawani huitwa Mto Pangani, nao hushuka mpaka baharini.

Hata sasa hakusadiki kuwa bahari ni chumvi. Tulitia vijiko sita vya chai vya chumvi katika lita moja ya maji, tukampa aonje na kutema. Uso wake ulitosha kuwa jibu. Tukamsimulia maana ya aya ya 53 ya Sura Al-Furqan, juu ya maji mawili, moja tamu na moja la chumvi kali, na kizuizi alichokiweka Mola baina yao, na kwamba juu ya uchungu wake, maji ya bahari ni tohara kwa kauli ya Mtume (S.A.W.).

Asubuhi ya pili mawingu yalifunguka, Kibo ikaonekana. Mwalimu wa chuo aliwatoa watoto nje waitazame theluji, akawaambia kwamba zaidi ya robo tatu ya barafu iliyokuwako mwaka 1912 imekwisha kutoweka. Walinyamaza kidogo. Ndipo mmoja akahesabu kwa vidole na kusema wamebakiwa na mvua ya mawe. Mwalimu akawaagiza kila mmoja aweke bakuli karibu na mlango wa kwao, wangoje.